Mwaka Mmoja wa Ohio: Tulichojifunza kwa Mguu wa Baba Salma

Sheria ya jimbo la Ohio, Marekani, humpa mgonjwa aliyeumizwa kwa uzembe wa kitabibu mwaka mmoja wa kufungua shauri la madai, na mimi nililijua hilo mwaka wenyewe ukiwa umebakiza wiki tano na siku chache. Kwa miezi kumi na ushei kabla ya hapo, nyumbani kwetu Columbus tulikuwa tukiishi kwa ushauri wa shemeji yangu, karani katika ofisi ya wakili mjini Tanga, ambaye alituambia kwa nia njema kabisa kwamba tusihangaike, tumuuguze mgonjwa kwanza, kwa kuwa madai ya namna hiyo yana miaka mitatu. Hakukosea. Tanzania ni miaka mitatu, na Kenya ni hivyo hivyo. Tuliokosea ni sisi, tuliokuwa tukiishi chini ya sheria ya huku na kuiulizia nyumbani.

Baba Salma, mume wangu, aliteleza Jumamosi ya tarehe 13 Februari 2016, kwenye maegesho ya magari ya nyumba tuliyopanga, juu ya ile barafu nyembamba isiyoonekana ambayo watu wa kwetu huijua baada ya kuangukia. Mfupa mkubwa wa mguu wa kulia, chini ya goti, ulivunjika mara mbili. Jumapili alifanyiwa upasuaji akawekewa chuma, na daktari akatuambia kazi imekwenda vizuri, jambo ambalo mpaka leo sina sababu ya kulitilia shaka. Jioni hiyo nilikwenda kazini, kwa kuwa nilikuwa zamu ya usiku kwenye ghala na kukosa zamu ya Jumapili kulikuwa ni kukosa pesa ya kodi. Nilimwacha Salma, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akae na baba yake mpaka saa nne, halafu jirani apite kumchukua.

Mume wangu alikuwa na Kiingereza cha kuendeshea foklifti na kununulia mkate. Kiingereza hicho kilimtosha kila siku, ila usiku ule, akiwa na dawa kali za maumivu kichwani, kilimkimbia chote. Muuguzi alipoingia na kuuliza hali, Salma ndiye aliyetafsiri. Baba yake alisema, "Mwambie mguu umekufa ganzi, na unabana kama umefungwa kamba." Mtoto yule, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha madrasa, hakuwa na neno la ganzi kwa Kiingereza. Alilolijua ni kwamba mguu ukifa ganzi Waingereza husema umelala, akasema hivyo hivyo: mguu umelala. La kamba hakulitafsiri, kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye akilia, aliona baba anatia chumvi. Saa tatu na dakika arobaini usiku muuguzi aliandika kwenye faili kwamba binti anaarifu mguu umelala na kwamba mgonjwa ametulia.

Kilichokuwa kikitokea ndani ya mguu kinafahamika vizuri na kila daktari wa mifupa. Mfupa ukivunjika, misuli huvimba, lakini misuli ya mguu imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka; shinikizo hupanda mpaka damu inashindwa kupita, na baada ya takriban saa sita misuli na mishipa ya fahamu huanza kufa. Dalili zake ni maumivu yaliyozidi jeraha lenyewe, mguu kubana, ganzi, kisha vidole kukataa kunyanyuka. Tiba ni moja, kupasua ngozi na utando ule haraka ili misuli ipumue. Baba Salma alipasuliwa Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Walikuta sehemu ya misuli ya mbele imeshakuwa ya kijivu, na katika upasuaji mwingine mara mbili wiki ile waliikata na kuitoa. Tangu siku hiyo unyayo wake wa kulia hauinuki. Anavaa gango la plastiki ndani ya kiatu ili asijikwae na vidole vyake mwenyewe.

Asubuhi ileile daktari aliyempasua alikuja kukaa kitandani, akamshika bega, akasema samahani, hili tulipaswa kuliona jana usiku. Nilimheshimu kwa maneno hayo na bado namheshimu. Niliyakariri, nikampigia shemeji Tanga, naye akasema, "Shemeji, hapo hakuna ubishi tena, keshakiri." Hilo nalo ni la sheria ya kwao.

Ni lazima niseme ukweli kuhusu ile miezi kumi, kwa sababu watu wengi wanaonipigia simu siku hizi wamo ndani ya miezi kama ile. Hatukukaa kimya kwa sababu ya shemeji peke yake. Wazee msikitini walituambia tumshukuru Mungu mguu haukukatwa. Mama mkwe alisema kwa simu kwamba kumshitaki mtu aliyekutibu ni kutafuta laana. Mimi mwenyewe niliogopa kwamba hospitali itatunyima miadi ya mazoezi ya viungo tukionekana wakorofi. Na juu ya yote kulikuwa na tumaini, maana kila mwezi tulikuwa tukiambiwa mshipa wa fahamu hukua polepole, tusubiri. Unapongojea mguu upone huoni sababu ya kwenda kwa wakili, nawe hujui kwamba siku zinahesabiwa.

Aliyetushtua ni mfanyakazi mwenzangu, mama mmoja Mmarekani mweusi aliyewahi kumdai daktari wa meno. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Januari 2017, tunakula chakula cha saa nane za usiku, nikamsimulia. Aliweka kijiko chini akauliza, "Siku gani hasa?" Nilipomjibu akaniambia nisilale nikitoka kazini.

Wakili wa kwanza alinisikiliza dakika kumi na mbili kwenye simu na swali lake la tatu lilikuwa mshahara wa mume wangu. Nikamwambia ni dola 14.50 kwa saa. Wa pili aliuliza hilohilo, tena mapema zaidi. Wote wawili waliniambia kwa upole kwamba mguu wa mume wangu umeumizwa kweli na kwamba hawataichukua kesi. Nilidhani ni ubaguzi. Baadaye nilielewa kuwa ni hesabu, na hesabu hiyo imeandikwa ndani ya sheria yenyewe, kwa hiyo acha niieleze kama nilivyoelezwa na wakili wa tatu, mwanamke wa makamo ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vioo vya magari.

Fidia ina mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la hasara zinazohesabika, yaani mshahara uliopotea na utakaopotea, gharama za matibabu, magango, mazoezi. Hilo halina ukomo Ohio. Fungu la pili ni la maumivu, fedheha na maisha yaliyoharibika, nalo tangu mwaka 2003 limewekewa dari katika kesi za matibabu: dola 250,000, au mara tatu ya hasara zinazohesabika, ipi iliyo kubwa, ila isivuke dola 350,000 kwa mdai mmoja. Dari hupanda hadi dola 500,000 ikiwa mtu amelemaa kabisa, kwa mfano amepoteza matumizi ya kiungo. Sasa mpeleke mtu wa dola 14.50 kwa saa mbele ya hesabu hiyo. Hasara yake ya mshahara ni ndogo kwa sababu mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, na maumivu yake yana dari. Upande wa pili wa daftari kuna mashahidi wataalamu wa kulipwa kwa saa, wapiga chapa wa mahojiano, nakala za faili, gharama ambazo katika kesi ya namna hii hufika makumi ya maelfu ya dola. Wakili hulipwa sehemu ya fidia iwapo atashinda tu, na gharama hizo huzitanguliza yeye. Mkurugenzi wa benki aliyeharibiwa mguu uleule, usiku uleule, angepata wakili siku ya kwanza.

Nilimuuliza wakili huyo ingekuwaje kama mume wangu angegongwa na lori badala ya kucheleweshewa upasuaji. Alitabasamu akasema Ohio ina dari katika kesi za kawaida za madhara pia, lakini huko anayepoteza matumizi ya kiungo chake dari humwondokea kabisa. Kwa mgonjwa, dari hupanda tu, haiondoki. Kuuliza kama unyayo usioinuka ni "kupoteza matumizi ya kiungo" au la, alisema, kungekula miezi yetu, na kweli kulikula.

Alichukua kesi, ila kwa sharti. Kwanza alitaka faili lote la hospitali, siyo muhtasari ule wa kurasa nne tuliopewa siku ya kutoka. Sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, inampa mgonjwa haki ya kupata kumbukumbu zake ndani ya siku 30, lakini sisi hatukuwa na siku 30 za kutapanya, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe kwenye dirisha la kumbukumbu kwenye ghorofa ya chini na fomu iliyotiwa saini na Baba Salma, nikarudi tena, nikarudi mara ya tatu, mpaka nikatoka na kisahani cha kompyuta chenye kurasa 1,140. Pili, alituma barua. Huku Ohio, ikiwa mwaka haujaisha, mdai anaweza kumwandikia daktari au hospitali kwamba anafikiria kufungua shauri, na barua hiyo humpa siku 180 nyingine tangu inapotolewa. Barua zetu zilikuwa tisa, kwa watu na taasisi tofauti, kwa sababu katika hospitali za Marekani daktari, muuguzi, kampuni ya madaktari na hospitali yenyewe huweza kuwa kila mmoja na mwajiri wake na bima yake, na usiyemwandikia ndiye utakayesikia baadaye kwamba kosa lote lilikuwa lake. Zilipokelewa na kusainiwa tarehe 6 Februari 2017. Mwaka ulikuwa umebakiza siku nane.

Nilisema mwaka, lakini hata kuanza kwake kuna mabishano. Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua mwaka 1987 kwamba saa huanza kuhesabiwa siku mgonjwa alipogundua au alipopaswa kugundua kwamba jeraha lake limetokana na matibabu, au siku uhusiano wake na daktari yule kwa ugonjwa ule ulipokwisha, ipi iliyo ya baadaye. Kwa hesabu hiyo daktari wetu, aliyekuwa bado anamwona Baba Salma mwezi wa Juni, angeweza kuhesabiwa tangu Juni. Nilifurahi. Wakili hakufurahi. Aliniambia kwamba daktari siye aliyekuwa wodini usiku ule, na kwamba yeye huhesabu kuanzia siku mbaya kuliko zote kisha hufanya kama vile ile nyingine haipo. Juu ya hayo kuna ukuta wa miaka minne tangu tendo lenyewe, ambao kwa mtu mzima husimama hata kama hakujua lolote, isipokuwa katika mambo machache kama vile kitambaa au kifaa kilichosahauliwa tumboni.

Katika zile siku 180 alitafuta daktari. Shauri la uzembe wa kitabibu likifunguliwa Ohio bila hati ya kiapo ya mtaalamu, mahakama hulitupa nje. Mtaalamu lazima aape kwamba amesoma kumbukumbu zote zilizoweza kupatikana, kwamba anakijua kiwango cha uangalizi kinachotarajiwa, kwamba kiwango hicho kilivunjwa, na kwamba uvunjaji huo ndio uliomdhuru mgonjwa. Tena asiwe mtu aliyeacha kazi akawa mpiga debe wa mahakamani. Angalau nusu ya muda wake wa kazi uwe wa kutibu au wa kufundisha utabibu. Daktari wa kwanza alisoma faili akakataa, akisema wauguzi walipima mapigo ya damu ya unyayo usiku mzima na yalikuwepo. Wa pili, bingwa wa mifupa kutoka jimbo jingine, alisoma faili hilohilo akasema mapigo si hoja, kwa sababu mshipa mkubwa unaweza kuendelea kupiga huku misuli inakufa pembeni yake, na kwamba swali ni kwa nini hakuna aliyeukunja na kuukunjua unyayo wa mtu aliyekuwa akiongezewa dawa ya maumivu kila baada ya muda mfupi. Aliapa. Shauri likafunguliwa katika mahakama ya Kaunti ya Franklin mwishoni mwa Julai.

Mwezi wa Septemba mwaka huohuo nikapigiwa simu nikaambiwa maneno ya daktari, yale ya samahani, yameondoka mezani. Ohio ina sheria ya mwaka 2004 inayozuia kauli za daktari za kuomba radhi, kumhurumia na kumfariji mgonjwa zisitumike mahakamani dhidi yake. Mahakama za rufaa za jimbo zilikuwa zimegawanyika: moja ikisema huruma tu ndiyo inayolindwa, nyingine ikisema hata kukiri kosa kumo ndani ya radhi. Sisi tulikuwa tumeegemea lile tawi la kwanza. Katika shauri la watu wengine kabisa, Stewart dhidi ya Vivian, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba radhi ni pamoja na kukiri kosa. Majimbo mengi yana sheria ya namna hii, na baadhi yake hulinda huruma peke yake. Kwetu ilifunika vyote. Sikasiriki nayo kama nilivyokasirika siku ile, kwa sababu najua kama isingekuwepo huenda daktari asingesema kitu. Lakini tangu hapo nimemwambia kila anayeniuliza kwamba alichosikia kitandani ni cha kumpoza moyo, si cha kupeleka mahakamani.

Tulibaki na faili, na faili lilisema mgonjwa ametulia.

Kilichotuokoa kilikuwa kwenye simu yangu, na kwa mwaka mzima sikukiona kuwa ni kitu. Saa tatu na dakika hamsini na mbili usiku ule, dakika kumi na mbili baada ya muuguzi kuandika, Baba Salma alinitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, wa sekunde kumi na tisa. Niliusikiliza wakati wa mapumziko, saa saba. "Mama Salma, mguu huu umekufa ganzi kabisa, vidole havisogei, nimewaambia wananiambia ni dawa. We ukimaliza njoo." Nilidhani anadeka. Wakili aliuchukua ujumbe, akaupeleka kwa mfasiri mwenye cheti, na akadai kutoka hospitalini kitu ambacho sikujua kama kipo: kumbukumbu za mfumo wa kompyuta zinazoonyesha nani alifungua faili, saa ngapi, akaandika nini. Zilipokuja, kipimo cha mguu kilichoandikwa kuwa cha saa sita usiku kilionekana kuwa kiliingizwa saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, wakati chumba cha upasuaji kilikuwa tayari kinaandaliwa. Muuguzi anaweza kupima usiku na kuandika asubuhi, na mara nyingi kazi huwalazimu kufanya hivyo. Hata hivyo mawakili wa upande wa pili walianza kuzungumza nasi kwa sauti nyingine.

Mahojiano ya kiapo ya Baba Salma, yaani maswali ya mawakili kabla ya kesi kusikilizwa, yalifanyika Machi 2018 katika chumba chenye meza ndefu na dirisha linaloangalia mto Scioto. Mkalimani alikuwa kijana wa Nairobi, mwenye adabu na haraka. Wakili wa hospitali alimuuliza mume wangu kama ni kweli alisema mguu umelala. Mume wangu akajibu, "Sikusema umelala, nilisema umekufa." Kijana akatafsiri kwamba mguu ulikuwa umekufa. Wakili akauliza kama alikuwa na elimu ya udaktari ya kujua kwamba mguu wake umekufa. Nilikuwa nimekaa pembeni, nimekatazwa kufungua mdomo, na nilihisi moyo unanipanda kooni, kwa sababu neno lile moja, ganzi, lilikuwa limepotea mara ya pili ndani ya miaka miwili na ushei. Wakili wetu aliomba dakika tano, akamwomba mkalimani aeleze kwa kumbukumbu ya mahojiano maana kamili ya kufa ganzi, na kijana, kwa heshima yake, akakubali mbele ya wote kwamba alikuwa ameiacha nusu ya msemo. Hapo ndipo nilipoamua kuisomea kazi ya ukalimani wa hospitali. Kanuni ya shirikisho inayozuia hospitali kumfanya mtoto mkalimani, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mwingine, ilianza kutumika Julai 2016, miezi mitano baada ya usiku wetu.

Habari zilipozagaa nilianza kupigiwa simu na watu wa majimbo mengine, nikagundua kwamba nisemayo yanaishia mpakani mwa Ohio. Binamu yangu wa Minneapolis ana miaka minne badala ya mmoja, na Minnesota haina dari ya maumivu, ingawa huko nako hati ya mtaalamu inatakiwa. Rafiki wa Dallas ana miaka miwili, lakini wapiga kura wa Texas waliidhinisha Septemba 2003 badiliko la katiba lililoilinda dari ya dola 250,000 kwa madaktari, na asipowasilisha ripoti ya mtaalamu ndani ya siku 120 baada ya mdaiwa kujibu, shauri hufutwa moja kwa moja na yeye hulipishwa gharama za wakili wa upande wa pili. California iliweka dari ya dola 250,000 mwaka 1975 na kuiacha hapohapo kwa zaidi ya miaka 45, huku bei ya mkate na ya nyumba ikipanda, mpaka mabadiliko yaliyoanza Januari 2023 yalipoipandisha hadi 350,000 kwa aliye hai na 500,000 kwa kifo, na kuipangia kuongezeka kila mwaka. Mtu akinipigia siku hizi humuuliza kwanza yuko jimbo gani, ndipo nimpe pole.

Swali la pili huwa ni alitibiwa wapi, na hili limewaponza watu wetu wengi kwa sababu sisi hutibiwa sana katika vile vituo vya afya vya jamii vinavyopokea kila mtu kwa ada ya kadiri ya kipato. Vingi kati ya hivyo hufadhiliwa na serikali ya shirikisho, na madaktari wake huhesabiwa kisheria kama watumishi wa serikali hiyo. Hapo huwezi kwenda mahakama ya jimbo. Unapeleka dai kwa maandishi kwa wizara ya afya ya shirikisho ndani ya miaka miwili, unaipa miezi sita ya kujibu, ikikataa una miezi sita ya kwenda mahakama ya shirikisho, na huko husikilizwa na jaji peke yake bila jopo la raia wa kuamua kesi. Mlango wa kituo haukwambii hayo. Nimeona mama mmoja aliyechelewa si kwa sababu ya uvivu, bali kwa sababu karatasi zake zilipelekwa kwenye jengo lisilo lake.

Sisi hatukufika mbele ya jopo. Ohio ingetupa raia wanane, na sita wakikubaliana ingetosha, na wakili wetu alikuwa na hofu ya wazi ya raia wanane wanaompenda daktari wao. Mapema mwaka 2019, wiki sita kabla ya tarehe ya kusikilizwa, tulikubaliana nje ya mahakama. Kiasi chenyewe kimefungwa na kifungu cha usiri, nami nakiheshimu kwa sababu nilisaini. Ninachoweza kueleza ni kilivyogawanyika. Theluthi ilikwenda kwa wakili. Baada yake ziliondolewa gharama alizotanguliza, na orodha yake ilikuwa na kurasa tatu, bingwa wa mifupa akiwa ameandikwa mara kumi na moja. Kisha Medicaid, bima ya serikali iliyolipia upasuaji na mazoezi baada ya Baba Salma kupoteza kazi, ilidai kurudishiwa sehemu yake, kama sheria inavyoiruhusu, na barua zake zilichukua miezi mitano kumalizika. Kilichobaki kilitununulia nyumba ndogo isiyo na ngazi, na kikamsomesha Baba Salma kozi ya kupanga safari za malori kwa kompyuta, kazi anayoifanya akiwa amekaa.

Mama mkwe hakutusemesha kwa mwaka mmoja. Shemeji wa Tanga alinitumia ujumbe akiomba msamaha kwa ile miaka mitatu, nikamjibu kwamba aliniambia sheria ya kweli.

Sasa nafanya ukalimani kwa simu na kwa kwenda wodini. Mwezi uliopita nilikuwa na mzee wa Kikongo aliyevunjika mguu, mwenye Kiswahili cha Uvira, na muuguzi akamuuliza anajisikiaje. Mzee akasema, "Mguu umelala, mama." Nilimwomba muuguzi ruhusa ya kumuuliza mzee neno moja kabla ya kutafsiri, maana maadili yetu yanaruhusu. Nikamuuliza kama umelala kwa kupumzika au umelala kwa kutosikia. Akajifinya kidole gumba cha mguu, akanitazama, akasema hasikii kitu. Nikatafsiri hivyo, na hilo la kujifinya pia, nikangoja hadi muuguzi alipomaliza kuandika. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini usiku. Alikuwa ameshachukua simu ya ukutani kumwita daktari.